Jokofu na Njia ya Joto

Jiko ni makao ya joto. Tangu binadamu alipojua kuwasha moto na kupika chakula chake, taabu ya mpishi haikuwa kupata joto tu, bali pia kuliondoa lile lililozidi pamoja na moshi wake. Wajenzi wa majumba ya mawe ya Lamu walilijua jambo hili vyema. Waliweka jiko juu kabisa ya nyumba, chini ya kipaa cha makuti, ili moshi na harara viende zao juu kwa juu bila ya kupita katika vyumba vya watu. Mjenzi wa nyumba ya udongo naye aliacha upenyo baina ya ukuta na paa kwa sababu iyo hiyo. Yamkini hapana hata mmoja wao aliyesoma elimu ya joto kitabuni, walakini kila mmoja aliitii sheria yake: joto likiwa mahali, hapana budi liachiwe njia ya kutokea.

Katika karne ya 20 kiliingia jikoni chombo kilichoonekana kuwa kinyume cha moto. Hicho ni jokofu, ambalo wengi wetu huliita friji. Kwa kuwa ndani yake mna baridi, watu wengi walidhani kwamba halihitaji dirisha wala dohani, na kwamba laweza kusukumwa katika shubaka lo lote la ukuta na kufungiwa kwa mbao pande zote. Dhana hiyo imewagharimu watu chakula na fedha, na makosa mengine yaliyo ndugu zake yamewagharimu roho zao. Kwa hiyo yafaa tujue jokofu lilitoka wapi, linafanya kazi gani, na kwa nini historia yake ni historia ya kutafuta njia ya kutokea.

Kabla ya jokofu watu wa pwani walihifadhi samaki kwa chumvi na jua, na maji yao waliyapoza katika mtungi wa udongo. Mtungi ni mwalimu mzuri wa somo letu. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo, hufika nje, na huko hugeuka mvuke. Mvuke hauwezi kuzaliwa bila ya kula joto, na joto lenyewe huutoa katika maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi hupoa. Mama mwenye nyumba aliuweka mtungi wake mahali penye upepo. Kama angaliufungia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, unyevu ungalijaa humo, mvuke ungalikosa pa kwenda, na maji yasingalipoa. Tayari hapo tunaona kuwa baridi haikai ila mahali ambapo joto limeruhusiwa kuondoka.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali watu walikata barafu katika maziwa na mito, wakaihifadhi mpaka wakati wa joto. Mfanyabiashara wa Boston katika Marekani, Frederic Tudor, aligeuza kazi hiyo kuwa biashara ya ng'ambo. Mwaka wa 1806 alipeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique, na watu wakamcheka. Mwaka wa 1833 merikebu iitwayo Tuscany ilipakia barafu yake ipatayo tani 180 kwenda Calcutta katika India. Safari ilichukua muda wa miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili, lakini zilifika tani kama 100, kwa sababu barafu ilikuwa imekingwa vyema ili joto la nje lisiingie. Baadaye matajiri na hata watu wa kadiri katika miji ya Marekani walikuwa na sanduku la barafu jikoni. Lilikuwa kabati la mbao lenye kuta nene. Pande la barafu likawekwa mahali pake na chakula katika rafu, na mchuuzi wa barafu akaja mara kwa mara kuleta pande jipya.

Sanduku hilo lilikuwa mgeni asiye na usumbufu. Joto la chakula liliyeyusha barafu, na barafu iliyoyeyuka ikatoka kwa bomba dogo na kutiririka katika beseni. Mwenye nyumba alipomwaga maji yale, alikuwa kwa hakika anamwaga joto, ingawa mwenyewe hakujua. Sanduku la namna hiyo lingeweza kukaa pembeni kokote, maadamu bomba lake halikuziba.

Mashine ya baridi ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine iliyopoza kwa kugeuza kiowevu chepesi kuwa mvuke, kisha kuushindilia mvuke huo ukawa kiowevu tena. Miaka 16 baadaye, mwaka wa 1850, mtaalamu wa Kijerumani Rudolf Clausius alieleza kanuni ambayo kila mwanafunzi yampasa kuishika: joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye joto. Likitakiwa kwenda huko, lazima lisukumwe kwa kazi, kama maji yanavyopandishwa kilimani kwa pampu.

Sasa tulitazame jokofu kwa macho ya kanuni hiyo. Ndani ya mabomba yake mna kiowevu ambacho huchemka hata penye baridi. Kinapopita karibu na chakula huchemka na kuwa mvuke, na katika kuchemka huko hulichukua joto la chakula kama maji ya mtungi yanavyolichukua joto la maji wenzao. Kisha kompresa, nayo ni pampu inayoendeshwa kwa umeme, huushindilia mvuke huo kwa nguvu mpaka ukawa moto kuliko hewa ya jikoni. Mvuke uliopata moto hupita katika mabomba myembamba yaliyopindwapindwa nyuma au chini ya jokofu, hutupa joto lake katika hewa ya jikoni, hurudi kuwa kiowevu, na mzunguko huanza upya.

Basi jokofu halitengenezi baridi hata kidogo. Kazi yake ni uchukuzi: hubeba joto kutoka ndani na kulitua nje. Zaidi ya hayo, nguvu za umeme zilizotumika katika kubeba nazo hugeuka joto. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba jokofu limetoa katika chakula joto la kipimo cha 100, na kompresa imetumia umeme wa kipimo cha 50. Joto litakalotupwa jikoni ni kipimo cha 150. Kwa hiyo mtu anayeacha mlango wa jokofu wazi siku ya hari, akitumaini kupoza chumba, anakiongezea chumba chake joto. Na mtu anayelifungia jokofu katika shubaka lisilo na matundu amemwambia mchukuzi abebe mzigo mzito, kisha amefunga mlango wa mahali pa kuutua.

Mafundi waliounda majokofu ya kwanza ya nyumbani hawakulisahau jambo hili. Mwaka wa 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza jokofu lililojulikana kwa jina la Monitor Top, nalo liliuzwa zaidi ya milioni moja. Mtambo wake haukufichwa. Ulikaa juu ya kabati kama kilemba, umezungukwa na mabomba ya kutolea joto. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, joto lilikwenda zake bila ya kuligusa kabati lililo chini. Halikuwa na umbo la kupendeza sana, lakini lilikaa jikoni kwa haki: kila aliyelitazama aliona kuwa hapa pana chombo kinachopumua.

Hatari kubwa ya siku hizo ilikuwa katika kile kilichozunguka ndani ya mabomba. Mashine nyingi zilitumia amonia, salfa dayoksaidi au methaili kloraidi, na zote tatu ni sumu. Salfa dayoksaidi ina harufu kali inayomfukuza mtu kabla hajadhurika sana; methaili kloraidi haina harufu ya kutosha kumwamsha aliyelala. Katika vyumba vidogo vya mijini, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, bomba likipasuka familia nzima iliweza kufa. Huko Berlin, katika miaka ya 1920, habari ya gazeti juu ya familia iliyokufa hivyo ilimsikitisha Albert Einstein. Yeye na mtaalamu kijana Leo Szilard walikaa wakabuni jokofu lisilo na pampu yenye kuvuja, na mwaka wa 1930 walipewa hati ya uvumbuzi katika Marekani. Jokofu lao halikupata kuuzwa madukani, lakini lafaa likumbukwe: mtu aliyepima mwendo wa nuru na nyota aliona si aibu kufikiri juu ya pumzi za watu waliolala.

Dawa iliyopokewa na ulimwengu ilitoka kwingine. Mwaka wa 1928 Thomas Midgley na wenzake katika Marekani walipata gesi za jamii ya klorofluorokaboni, zilizouzwa kwa jina la Freon. Mwaka wa 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo kifuani, kisha akaipuliza na kuzima mshumaa. Kwa tendo moja alionyesha mambo mawili: gesi hiyo haikumwua, wala haikushika moto. Watu wakapumua kwa faraja. Hata hivyo habari ya gesi hii haikwisha hapo, nasi tutairudia.

Katika Afrika ya Mashariki umeme ulianzia mijini na kukaa huko muda mrefu. Kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliundwa mwaka wa 1908, lakini mashamba, misheni na zahanati za mbali zilibaki gizani miaka mingi. Huko lilifika jokofu la aina nyingine, lenye kuendeshwa kwa mafuta ya taa. Asili yake ni uvumbuzi wa mwaka wa 1922 wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, nao uliendelezwa na kampuni ya Electrolux. Chini yake mliwaka utambi kama wa taa, na joto la ndimi zile liliichemsha amonia iliyochanganyika na maji. Hivyo moto ulizaa baridi, na wengi walilistaajabia jambo hilo. Majokofu hayo yalihifadhi chanjo na dawa katika mahali ambapo waya wa umeme haujafika, na kwa njia hiyo yaliokoa watoto wengi.

Lakini jokofu la mafuta lilidai hewa mara mbili. Lilidai hewa ya kutupia joto kama majokofu yote, na tena lilidai hewa ya kuchomea moto wake. Likiwekwa katika chumba chembamba kilichofungwa, utambi ulitoa masizi, baridi ikapungua, na katika moto uliokosa hewa huzaliwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu iuayo kimyakimya. Hatari hiyo ni ile ile ya jiko la makaa linalowashwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, nayo haijaondoka duniani hata leo.

Wakati huo huo fikira za watu juu ya jiko zilikuwa zinabadilika. Mwaka wa 1926 msanifu wa nyumba Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt. Lilikuwa na upana wa meta 1.9 na urefu wa meta 3.4, na kila kabati na kila rafu ilikuwa na mahali pake, ili mpishi asichoke kwa kwenda na kurudi. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa, na kutoka kwake limezaliwa jiko la kisasa lenye makabati yaliyoungana ukutani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia majiko hayo yalienea, na jokofu likaombwa liingie katika mstari pamoja na makabati mengine. Mtambo ulishushwa chini, mabomba yakahamia mgongoni, na mwisho jokofu lenyewe likavikwa mlango wa mbao usioweza kutofautishwa na mlango wa kabati la sahani.

Hapo ndipo lile joto lisiloonekana lilipoanza kusahauliwa. Fundi wa mbao hupima upana na kimo cha jokofu, hutengeneza shubaka linalolibana barabara kama ala ya kisu, na mwenye nyumba husifu kazi safi. Baada ya siku chache hewa ya nyuma ya jokofu hupata moto, na mabomba hushindwa kutupa joto katika hewa iliyokwisha kushiba joto. Kompresa, ambayo ingefanya kazi kwa vipindi na kupumzika, sasa hunguruma mchana na usiku. Gharama ya umeme hupanda, maziwa huchacha, na mwisho mtambo huungua kabla ya wakati wake. Mwenye nyumba hulaumu kiwanda, kumbe kosa limo ukutani.

Tiba yake ni nyepesi, nayo inafanana sana na busara ya mjenzi wa zamani. Shubaka la jokofu huachiwa tundu chini na tundu juu, na baina yao nafasi nyuma ya jokofu. Hewa ya baridi huingia chini, hupata moto inapopita kwenye mabomba, hupanda na kutoka juu. Nafasi ya nyuma hugeuka dohani isiyo na moshi. Viwanda vingi vya Ulaya vinavyotengeneza majokofu ya kuingizwa kabatini huagiza kwamba kila tundu lisipungue sentimita za mraba 200, yaani kama upenyo wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 4. Tundu moja halitoshi, kwa sababu hewa haitoki mahali isipoingia nyingine. Jokofu ambalo halikuundwa kwa ajili ya kabati hudai nafasi zaidi pande zake, na kipimo chake huandikwa katika kitabu kinacholifuata. Aidha lisiwekwe karibu na jiko la moto wala mahali linapopigwa na jua, lisimame sawasawa, na plagi yake ifikike kwa mkono bila ya kubomoa kitu. Mnunuzi wa Mombasa au Garissa atazame pia herufi ya hali ya hewa iliyoandikwa ndani ya jokofu: herufi T huonyesha kuwa limeundwa kufanya kazi mahali penye joto la nyuzi 16 mpaka 43, na herufi N mwisho wake ni nyuzi 32.

Jokofu lenyewe nalo ni chumba kilichofungwa, na jambo hili lilileta msiba wa namna yake. Majokofu ya zamani yalikuwa na komeo lililofungika kwa nje tu. Katika Marekani watoto waliokuwa wakicheza kujificha waliingia katika majokofu yaliyotupwa, mlango ukajifunga, na wakafa kwa kukosa hewa. Kuta zile nene zilizojengwa kuzuia joto zilizuia na vilio vyao. Mwaka wa 1956 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba kila jokofu la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani, na viwanda vikaacha komeo na kutumia sumaku. Hata hivyo, mtu anayetupa jokofu bovu, liwe la zamani au jipya, yampasa kuung'oa mlango wake kwanza.

Sasa turudi kwenye gesi ya Midgley. Haikudhuru mtu jikoni, lakini ilipovuja haikupotea. Mwaka wa 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kuwa gesi hizo hupanda polepole mpaka juu sana angani, na huko huharibu ozoni, lile tabaka linalotukinga na miali mikali ya jua. Mwaka wa 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni imepungua mno juu ya Antaktika. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yapo Nairobi, lilikuwa likiongozwa na Mmisri Mostafa Tolba. Yeye alifanya kazi kubwa ya kuzipatanisha serikali, na mwaka wa 1987 mkataba ulitiwa sahihi Montreal wa kuziondoa gesi hizo. Nchi zote za dunia zimeukubali. Baadhi ya gesi zilizotumika badala yake hazikuharibu ozoni, lakini zilizidisha joto la dunia. Ndiyo sababu mwaka wa 2016 mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wakakubaliana kuzipunguza nazo.

Kwa hiyo majokofu mengi ya nyumbani siku hizi hutumia isobutani, gesi isiyodhuru ozoni na yenye athari ndogo kwa joto la dunia. Kipimo chake ndani ya jokofu ni kidogo, lakini gesi hiyo hushika moto, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika kabati lisilo na matundu hutuama chini ikingoja cheche. Tazama basi jinsi mambo yalivyozunguka: baada ya wanasayansi kubadili gesi mara kadhaa katika muda wa miaka mia, onyo linaloandikwa katika vitabu vya majokofu ni lile lile ambalo mjenzi wa jiko la Lamu angelifahamu bila ya kufasiriwa, yaani matundu ya kupitishia hewa yasizibwe.

Mwanafunzi atakayekuwa fundi wa mbao, msanifu wa nyumba, au mwenye nyumba yake mwenyewe, na alikumbuke jambo hili wakati wa kupima. Kabla ya kuuliza jokofu litaingiaje katika shubaka, aulize joto lake litatokea wapi. Watu wa Monitor Top waliliuliza swali hilo wakajibu kwa kilemba cha mabomba. Watu wa Freon walisahau kuliuliza juu ya anga, na dunia nzima ikalazimika kukutana ili kulijibu. Jiko ni dogo na mbingu ni pana, lakini hakuna kati ya viwili hivyo kisicho na mwisho wa kupokea.